Bomba la Moshi Nililolitoa Kisenge

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana wala ovaroli. Shefu wa Magazini, mkubwa wa ghala la vipuri katika karakana ya kampuni ya migodi pale Kolwezi, alinikuta nimesimama mlangoni na cheti changu cha shule ya ufundi. Alikigeuza cheti akatazama upande wa nyuma, ambako hakukuwa na maandishi, kisha akanipa bomba la moshi la pikipiki.

"Pulizia," akasema.

Nikapuliza. Masizi yakanirudia machoni na puani. Watu wa ghalani walicheka mpaka mmoja wao akaketi juu ya tairi.

"Ulisikia nini?"

"Sikusikia kintu, shefu."

"Alor kazi haujaanza. Siku utasikia, njo siku ya kuanza."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ambayo vijana wa leo hawaamini kwamba ni kazi: kutafuta mabomba ya moshi ya pikipiki za zamani. Ninyi mnanunua pikipiki mpya ya Kihindi, na jambo la kwanza mnang'oa silansie ili mtaa mzima ujue mmefika. Sisi tulitembea siku tatu kuitafuta hiyo silansie. Nawaeleza, ila msiniharakishe, maana mimi ni mzee na sina pa kwenda.

Bomba la moshi lina kiwiko, kile kipande kilichopinda kinachotoka kwenye injini. Kiwiko kinaingia katika silansie, yaani kopo refu la chuma linalopunguza kelele. Ndani ya silansie kuna shikane, bomba dogo lenye matundu, na hapo ndipo sauti inapokatwa na kupewa umbo. Badilisha matundu ya shikane, pikipiki itasema kwa sauti nyingine. Kati ya kiwiko na injini kuna pete ya shaba ya kuzuia moshi usivuje. Pete hizo tulizikata wenyewe, tukazichoma mpaka ziwe nyekundu, tukazitumbukiza majini zilainike. Kolwezi unaweza kukosa mkate, shaba huwezi kukosa.

Kanuni ya kwanza niliyofundishwa ilihusu mabomba yaliyokwisha kutumika. Bomba la namna hiyo usilifunge kabla hujalichoma. Unaliweka katika makaa mpaka mafuta na masizi ya ndani yashike moto, unaliacha lipoe, unaligonga kwa nyundo ya mti, na uchafu wote unamwagika. Sababu ya kiufundi inajulikana: injini za mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, huziba bomba kwa masizi, na injini isiyopumua haina nguvu. Lakini Shefu wa Magazini alikuwa na sababu yake.

"Bomba ya mutu mwingine, unaichoma mbele," aliniambia. "Pumuzi ya mwenyewe inabakiaka mule ndani."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyotumia kuagiza misumari. Nilicheka, naye hakucheka.

Baadaye nilihamishiwa Nzilo, kwenye bwawa la umeme, kutunza pikipiki za wakaguzi wa njia za nyaya. Pale maji yanaunguruma mchana kutwa, na huwezi kusikia injini kwa masikio. Injinia wa Bwawa, mtu wa Katanga ya kaskazini, mrefu na mpole, alinifundisha kung'ata ncha moja ya ufito wa chuma na kuigusisha ncha nyingine kwenye injini. Sauti inapanda katika meno na kuingia kichwani moja kwa moja. Huko ndiko nilikojifunza kusikia kweli. Nikajua bomba lililotoboka, bomba lililoziba, bomba ambalo shikane yake imelegea. Nikajua pia kwamba ukisikiliza sana unasikia zaidi ya unavyotaka.

"Maji ile usiisikilize sana," Injinia alinionya siku moja aliponikuta nimesimama ukingoni na ufito wangu. "Haiko na neno ya kukuambia, lakini utaanza kuijibu."

Sikumuuliza alijuaje. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuyajibu.

Kampuni ilipodhoofika tulirudishwa nyumbani. Nikafungua karakana yangu ndogo huko Dilala, chini ya mabati manne. Wateja wangu walikuwa mapadri, walimu wastaafu na watu waliorithi pikipiki za baba zao. Viwanda vilivyozitengeneza vilikuwa vimefungwa zamani, kwa hiyo vipuri vilibaki katika malundo ya vyuma chakavu, nyuma ya nyumba za watu, katika miji iliyoachwa nusu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka mgongo ukabaki hivi mnavyouona. Sisi watafutaji tulikuwa na desturi moja tuliyoishika kuliko sala: mtafutaji hasemi alikopata. Ukitaja lundo lako leo, kesho wenzako wamelimaliza. Tulidanganya hata wake zetu.

Miaka michache iliyopita, Direkta alinijia. Alikuwa mkuu wa shule ya msingi aliyestaafu, mtu wa tai hata siku ya jua kali, na alikuwa na pikipiki ya Kicheki aliyoinunua akiwa kijana. Silansie yake ilikuwa imeoza ikabaki kama ungo.

"Tata Mukendi," alisema, "siku ya posho, Jumamosi hii, tunafanya yubile ya ndoa. Miaka makumi tano. Bibi yangu nilimubebaka pa ile tukutuku kutoka ku kanisa. Nataka nimubebe tena."

Basi nilipanda lori la kuelekea Dilolo, nikashuka Kisenge. Anayeijua Kisenge anajua vumbi lake jeusi la manganizi, linaloingia hadi kwenye chumvi ya mezani. Mtaa niliouendea ulikuwa na nyumba zilizopangwa vizuri kwa mistari, milango imefungwa kwa adabu kama watu wameenda kanisani. Hawakuwa wameenda kanisani. Waliondoka zamani. Mwisho wa mtaa kulikuwa na uwanja wa magazini ya zamani, na Mlinzi wake, mzee aliyebaki kulinda ingawa waajiri wake walikwisha kuondoka. Nilipofika alikuwa anapiga kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni, ile kengele ya kubadilisha zamu.

"Unamupigia nani, tata?" nikamuuliza.

"Ba kazi. Nikiacha kupiga, batachelewa."

Nilitazama ule mtaa mtupu, nikaingia uwanjani.

Silansie niliikuta chini ya lundo, aina ile ile ya Kicheki, ndefu, iliyochongoka mwishoni. Vyuma vyote vilivyoizunguka vilikuwa vimeliwa na kutu, lakini yenyewe ilikuwa safi. Nilipoishika ilikuwa vuguvugu. Nikajiambia ni jua. Siku ile mawingu yalikuwa yamefunika tangu asubuhi, lakini hilo nililikumbuka baadaye.

"Ile?" Mlinzi alisema. "Utaiweza?"

"Ni chuma tu, tata."

"Aya. Beba."

Nilikuwa nimemletea unga wa kubadilishana naye, kama ilivyo desturi. Aliukataa. Katika miaka yangu yote sijaona mtu wa Kisenge akikataa unga. Ingenipasa nimuulize silansie ile ilitoka wapi, lakini lori lilikuwa linapiga honi barabarani, nami nilijua yubile iko karibu. Nikauacha unga mlangoni nikakimbia.

Nilifika Kolwezi na mvua. Makaa yalikuwa yameloa, na Direkta alikuwa ananingoja na tai yake. Nikapuliza ndani ya silansie kuangalia kama hewa inapita. Ilitoa sauti nzito, laini, yenye kina, ambayo sijawahi kuisikia katika chuma. Nitasema ukweli, maana uzeeni uongo ni mzigo: hata makaa yangekuwa makavu, nisingeichoma. Niliipenda ile sauti. Nikaona ni dhambi kuiharibu. Nikakata pete mpya ya shaba, nikaifunga silansie pamoja na masizi ya mwenyewe ndani yake. Hilo ndilo kosa langu.

Injini ilipowaka, ilikohoa mara mbili, ikavuta pumzi, kisha ikatulia ikinguruma chinichini. Direkta alipiga makofi.

Siku ya Jumatatu alirudi akiisukuma.

"Inazimika, tata."

"Inazimika wapi?"

"Pahali pamoja. Kule Musonoi, ku mulango ya kijani. Kwenda inazimika, kurudia inazimika. Nasukuma mpaka ku kona, njo inawaka." Alisita, akalegeza tai. "Na bibi yangu anakatala kupanda. Siku ya yubile alipanda, akashuka palepale. Anasema nafasi yake iko na mutu."

Nilikagua buji, nikasafisha kabureta, nikamwaga petroli na kutia nyingine. Hakuna kasoro. Jioni, saa kumi na moja, watu wakitoka kazini na malori ya madini yakijaza barabara vumbi, niliipanda mwenyewe kwenda Musonoi. Mbele ya mlango wa kijani ikazimika. Haikukohoa kwanza, haikupungua nguvu. Ilizimika kama mtu aliyefika anakokwenda.

Mlango ukafunguka. Mwanamke wa makamo alitoka na beseni la maji yanayofuka mvuke, taulo begani. Hakunitazama mimi. Alitazama pikipiki.

"Ulikawia," akaiambia. "Maji iko tayari."

Ndipo alipoinua macho akaona uso wangu. Hakuliangusha beseni. Aliliweka chini polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

"Weye ni nani? Juu ya nini uko pa tukutuku ya Baba Sifa?"

"Tukutuku hii ni ya Direkta, mama. Aliinunuaka zamani sana, ikiwa mupya."

"Sisemi juu ya tukutuku. Nasema juu ya sauti."

Alikuwa anaitwa Mama Alfonsina. Alinipa kiti uani, akanieleza bila kulia. Mumewe, Baba Sifa, alikuwa mchomeleaji wa vyuma mgodini. Miaka tisa iliyopita aliondoka na pikipiki yake ya Kicheki kwenda Dilolo kununua samaki wa chumvi wanaovushwa kutoka Angola. Alisema atarudi siku ya nne, saa kumi na moja jioni. Hakurudi, na hakuna aliyeleta habari. Kaka mkubwa wa mumewe alikataa kilio kisifanyike. Kulia mtu ambaye mwili wake haujaonekana, alisema, ni kumuua kwa mdomo. Kwa hiyo Mama Alfonsina hakuwa mke wala mjane. Hakuvaa nguo ya msiba, na hakuweza kuivua pia. Kila jioni saa kumi na moja alipasha maji ya mumewe ya kuoga.

"Kama alikufa, nataka kumulia," alisema. "Kama angali, nataka kumungoya. Byote bibili byanichokesha."

Kisha akanieleza jambo jingine. Shikane ya mumewe aliitengeneza mwenyewe kwa bamba la shaba, na kila mtoto alipozaliwa aliongeza tundu moja. Kila mtoto, sauti ikabadilika kidogo. Watoto walikuwa watano. Tundu la mwisho, la Sifa, lilikuwa dogo, kwa sababu msumari ulivunjika.

"Silansie ile, uliikamata wapi?" akauliza.

Na mimi nikafanya nini? Nikafanya kama watafutaji wanavyofanya. Mdomo wangu ulikuwa umezoea miaka thelathini, ukajibu kabla yangu.

"Ku soko, mama. Ku batu ba feraye."

Soko la vyuma chakavu. Aliinua beseni lake.

"Sawa. Kama ni vile, na kesho nitapasha maji."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilisukuma pikipiki hadi kwenye kona, na ikawaka palepale.

Niliitoa silansie nikamfungia Direkta nyingine mbovu ya kushikilia muda. Ile ya Kisenge nikaitundika ukutani katika karakana. Kesho yake, saa kumi na moja, nikiwa nimeinama kwenye meza, ilikohoa mara mbili ikavuta pumzi. Nikasema ni upepo. Nikaziba ncha zote mbili kwa matambara, nikayashindilia kwa bisibisi. Siku iliyofuata saa hiyo hiyo matambara yalikuwa chini, na mdomo wa silansie ulikuwa na masizi mapya, mabichi, yenye oili. Chuma kisicho na injini hakitoi oili. Mimi ni fundi, sikuwa na maelezo ya hilo, na sijayapata.

Nikaifungua. Nikaichomoa shikane kwa koleo, nikaipangusa. Shaba iliyopondwa kwa mkono. Nikahesabu matundu: manne sawasawa, na la tano dogo, limekaa pembeni.

Niliogopa, nakiri. Lakini kilichoniondoa nyumbani asubuhi ile hakikuwa woga. Ni kumfikiria yule mama na sufuria yake jikoni, anapasha maji kwa sababu ya uongo wangu. Nikapanda lori tena.

Mlinzi wa Kisenge alikuwa ameketi karibu na kipande chake cha reli. Unga wangu ulikuwa bado palepale mlangoni, haujaguswa.

"Ulirudia," alisema.

"Nilirudia kuuliza, tata. Ile silansie, mwenyewe ni nani?"

Akanieleza. Miaka ile, madereva wa malori walikuja kumwita aione pikipiki waliyoikuta imeegeshwa kwenye kichuguu, kando ya barabara, kabla ya kivuko cha mto. Mzigo wa samaki ulikuwa umefungwa nyuma, petroli imejaa. Ukingoni mwa maji palikuwa na viatu vya mwanaume vimepangwa vizuri, na nguo zimekunjwa, na sabuni juu yake.

"Alitaka kuoga mbele ya kufika kwake," Mlinzi alisema. "Mto ule uko na mamba, na maji yake inavuta. Tuliita, tukatafuta. Hakuna kitu. Silansie ilikuwa na moto. Tukasema, ni sasa hivi alishuka. Tukangoja mpaka jua ikaingia. Ilikuwa na moto. Tukaileta hapa. Siku ya tatu, ilikuwa na moto."

"Na haukutuma habari?"

"Kwa nani? Tukutuku haikukuwa na karatasi. Batu baliivunja kidogo kidogo, babeba. Ile moja njo balikatala kuigusa. Mi nikasema, mwenyewe atakuya, ao mutu wa kwake atakuya kuuliza. Miaka yote hakuna mutu aliuliza. Weye njo ulikuya wa kwanza." Akanitazama bila hasira. "Na weye vilevile haukuuliza."

Nilirudi Kolwezi na maneno hayo kifuani. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku, na mimi mzima nilishindwa kuuliza kwa ajili ya honi ya lori.

Nilikwenda moja kwa moja Musonoi. Nilimwambia Mama Alfonsina kwamba nilimdanganya, nikamtajia Kisenge, kichuguu, mto, viatu, sabuni. Alisikiliza akiwa ameshika mwimo wa mlango. Aliuliza neno moja tu: sabuni ilikuwa ya rangi gani. Sikujua. Akatikisa kichwa kwamba si kitu, kisha akasema niwaite wakwe zake.

Walikuja siku ya tatu. Kaka mkubwa alikuwa mzee mwenye kofia nyeusi, mkali, na nadhani ukali wake ulikuwa namna yake ya kumshikilia mdogo wake asiondoke. Nilimweleza kila kitu tena. Nikamwonyesha shikane na matundu matano.

"Shaba iko tele Kolwezi," alisema. "Tundu kila mutu anaweza kutoboa. Sitazika ndugu yangu juu ya kipande ya chuma."

"Usiangalie," Mama Alfonsina alimwambia. "Sikiliza."

Direkta alikuwa ameileta pikipiki yake mwenyewe bila kuombwa mara mbili. Niliirudisha shikane mahali pake, nikafunga silansie mbele yao pale uani, nikakaza nati. Ilikuwa imebaki kidogo saa kumi na moja ifike. Nikapiga teke.

Ilikohoa mara mbili. Ikavuta pumzi. Ikatulia ikinguruma chinichini.

Binti mkubwa wa Mama Alfonsina alishika mkono wa mdogo wake. Mbwa wa jirani, ambaye hakuwa amezaliwa Baba Sifa alipoondoka, alikuja akalala kando ya gurudumu. Kaka mkubwa alivua kofia. Alisimama ameishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili, na nikaona midomo yake inamwita mdogo wake kwa jina la utotoni.

Nikageuza ufunguo kuzima. Injini haikuzima.

Mafundi mnaijua hali hiyo: masizi yakiwa mekundu ndani, yanawasha petroli yenyewe, na injini inaendelea bila cheche. Huchukua sekunde chache. Hii iliendelea. Nikafunga petroli, ikaendelea. Nikachomoa waya wa buji, ikaendelea, taratibu, kama haina haraka yoyote. Nikarudi nyuma hatua mbili. Sioni haya kuwaambia kwamba nilisali.

Mama Alfonsina aliingia jikoni, akatoka na beseni la maji ya moto. Aliliweka kando ya gurudumu la nyuma. Akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya silansie. Silansie ya injini inayonguruma inaunguza ngozi mara moja, na mkono wake haukuungua.

"Baba Sifa," akasema, "ulishafika. Batoto beko muzuri. Sifa amemaliza masomo. Ndugu yako iko hapa. Zima sasa."

Ikazima.

Kisha yule mama akafungua kinywa akalia. Kilikuwa kilio cha miaka tisa, na wanawake wa mtaa walikisikia wakaja mbio wamefunga viuno, hawakuhitaji kuelezwa. Kaka mkubwa aliketi chini kwenye vumbi na kofia yake. Mimi nililia pia, mtu mzima, pamoja na Direkta na tai yake.

Upande wa mama yangu, mtu akimezwa na mto mwili usipatikane, wazee walizika shina la mgomba. Wao walizika silansie. Kabla haijawekwa kwenye jeneza nilimuuliza Mama Alfonsina kama niichome kwanza, kama kanuni ya kazi inavyotaka.

"Hapana," alisema. "Aende na pumuzi yake."

Jioni ile alimwaga maji uani, akaliegemeza beseni ukutani, akaomba kitambaa cheusi.

Sasa nimestaafu. Kifua hakitaki moshi tena, na sikio la kushoto linasikia maji ya Nzilo tu. Watu huniuliza kama naogopa ninapokumbuka ile silansie. Siogopi hiyo. Naogopa zile nyingine. Kwa miaka thelathini nilichoma mabomba ya watu nisiowajua, mamia, kwa bidii, nikayagonga kwa nyundo ya mti mpaka yakawa hayana la kusema. Sikumuuliza mtu hata mmoja lilikuwa la nani. Inawezekana kuna milango mingine mjini humu inayongoja sauti ambayo mimi niliimwaga chini pamoja na masizi.

Kwa sababu hiyo, miaka yangu ya mwisho ya kazi nilibadilisha kanuni. Kila bomba nililolipata nililifunga kwanza bila kulichoma, nikaipanda pikipiki, nikazunguka mitaa polepole saa za watu kutoka kazini: Musonoi, Dilala, Manika. Nikimaliza mitaa yote bila mtu kutoka, ndipo nililichoma. Wenzangu walisema uzee umenipanda kichwani. Karibu mara zote hakuna aliyetoka.

Mara moja, kule Manika, nikijaribu silansie niliyoitoa Dilolo, mzee mmoja alitoka mlangoni kwa fimbo. Alinyoosha mkono nisimame. Aliinama karibu na bomba, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu, injini ikinguruma. Kisha akanyooka.

"Hapana," alisema. "Haiko ya mutoto wangu."

"Pole, tata."

"Aya." Akashika fimbo vizuri, akatazama barabara nilikotoka. "Lakini kesho upite tena. Na ingine."

Kesho yake nilipita. Kazi nimeiacha, mabomba nimeyagawa, na bado napita mlangoni kwake.